Antena ya Kufukuzia Ndege

Simu yangu ya kwanza yenye redio ilikuwa na masharti: haisemi mpaka uichomeke waya wa masikioni. Mjini nilidhani ni adabu yake, isiwasumbue majirani. Nilipofika nayo Mbwera, kumsaidia bibi kuamia mpunga wake usiliwe na ndege, ndipo nilipojua kwamba ule waya ndio antena yenyewe, na kwa umbali ule ulikuwa mfupi mno. Tulisikia kelele tu, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati.

"Mume wangu," bibi akaniambia, maana ndivyo bibi zetu wanavyotutania wajukuu wa kiume, "umenunua kikohozi."

Lakini mwenye haja na redio alikuwa yeye. Yeye na mdogo wake wa Kibiti walikuwa wamenuniana tangu harusi ya binti wa huyo mdogo mtu, ambayo bibi aliisikia pilau limeshaliwa na masufuria yameshaoshwa. Sasa nahodha wa boti ya Nyamisati alileta habari kuwa mdogo mtu ametuma kadi kwenye kipindi cha salamu cha redio moja ya Dar, na itasomwa Jumapili asubuhi. Kupanda boti aje kuomba radhi kama watu hakuweza. Kiburi cha ukoo ule nakijua, ninacho. Bibi alijifanya hajali, ila Jumamosi nzima alikuwa akiniuliza kama Jumapili ni kesho.

Tulikuwa tukikaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba. Kutoka pale ulipita waya mrefu tuliouchomoa kwenye tairi bovu, umetundikwa makopo. Ndege wakitua, bibi anauvuta, makopo yanagongana, ndege wanatimka. Nikaukwangua ganda kidogo ule wa masikioni, nikauviringisha kwenye waya wa makopo. Mtangazaji akasikika kama amekaa nasi mkekani. Nilijiona injinia. Kasoro ilikuwa moja tu: waya ukivutwa, sauti inakatika.

Jumapili tukakaa, sikio moja lake, moja langu. Ndege wakatua, bibi akavuta, tukapoteza salamu za Mbagala nzima. Wakatua tena, akavuta tena, huku akiwatukana ndege na mtangazaji kwa pamoja. Kisha ikaja kadi ya Kibiti. Mdogo mtu aliwasalimu majirani, wakwe, mwalimu wa madrasa, mpaka fundi baiskeli.

"Anajaza kadi," bibi akanung'unika. "Mimi hanitaji."

Hapo likashuka kundi kubwa la ndege kwenye jaruba lililoiva kuliko yote. Nikaushika waya. Bibi alikuwa mtu wa kuacha chai ipoe kwa ajili ya ndege mmoja. Akanikamata mkono, akaubana.

"Na mwisho," mtangazaji akasoma, "salamu zimfikie dada yangu popote alipo huko Mbwera. Ujumbe: dada, nimechoka kununa."

Ukapigwa muziki. Machozi yalimtoka bibi na hakuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa sikioni na mwingine ulikuwa umenishika mimi. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Mpunga ulikuwa unaliwa mbele ya macho yetu, nikamwonyesha.

"Usivute bado," akasema. "Pengine atarudia."