Dawa Kumi na Moja za Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mfukuaji wa watu. Kule Salamabila, shimo la dhahabu likibomoka, yeye na wenzake ndio walioingia na kamba kuwatoa wachimbaji, wazima na wafu. Mgongo ulipomkataa, tukarudi Kasongo kulima.

Mwaka jana alianza kuanguka. Alianguka chooni, kisha sokoni mbele ya watu, wakasema amelewa, mtu asiyejua hata ladha ya pombe. Kwenye kituo cha afya, muuguzi hakumgusa hata mkono.

"Ni uzee, mama," akasema, akaandika dawa nyingine.

Ilikuwa ya kumi na moja. Asubuhi moja aliniuliza mimi ni nani. Nikazikusanya zote kikapuni, tukapanda pikipiki mpaka hospitali. Daktari, mwanamke aliyehamia karibuni, alizimwaga mezani.

"Nani alimupatia hizi zote?"

"Ni ninyi," nikamjibu.

Hakukasirika. Alizichambua moja moja. "Hii ya mugongo inapandisha tension, ile presha ya damu. Ndiyo maana wakamupa hii ya tension. Na hii ingine iko ileile, jina tu ndiyo tofauti. Zote mbili zinamushusha presha kupita kiasi, mpaka anaanguka. Na hii ya usingizi inasahaulisha mutu. Papa, unameza tangu lini?"

"Tangu niache mashimo. Nilisema silali, wakanipa."

"Walikuuliza sababu ya kutolala?"

"Hapana."

Kila aliyemwona aliongeza, hakuna aliyepunguza. Daktari alipotaka kuziondoa, mume wangu alizifunika kwa mikono miwili. "Kwa kazi yangu yote," akasema, "hizi ndizo pekee nilizopewa."

Mwishowe aliziachia, zikabaki tatu. Ile ya usingizi aliambiwa aikate nusu, halafu robo, wiki kwa wiki. Alitetemeka, akanitukana, akasusa chakula changu. Lakini hakuanguka tena, wala hakuniuliza tena mimi ni nani, na mvua zilipoanza alishika jembe.

Nilirudi kwa yule muuguzi nikamweleza yote. "Mungu asifiwe, mama," akasema, huku anamwandikia dawa mgonjwa mwingine bila kumtazama. Nikamwambia amtazame. Akanionyesha mlango.

Siku hizi mume wangu anazungumza. Tukipalilia mihogo anasimama ghafla na kunieleza juu ya mchimbaji aliyemshika mkono chini ya udongo hadi kiganja cha mchimbaji huyo kikapoa. Miaka yote hiyo hakuyataja hayo, nami nikadhani ni mtu mkimya tu. Ninaweka jembe chini, ninamsikiliza mpaka amalize.