Kochi la Shibiri Kumi na Moja

Aibu hii ningezikwa nayo, lakini majirani zangu hapa mtaa wa Tena huisimulia kila wakipata nafasi, tena wakiongeza chumvi, kwa hivyo bora mnisikie mimi mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Machakos kuona nyumba yetu kwa mara ya kwanza. Mimi ni mtu wa Murang'a, lakini mke wangu Mwikali alinifundisha mapema kwamba kwao mume wa binti na mama mkwe huheshimiana kwa umbali, hamgusani, hampitani karibu, hamketi kiti kimoja (heshima hiyo huiita nthoni, na ukiivunja unatozwa mbuzi). Basi nikaagiza kochi refu, mama apate pake, mimi nijikalie kwenye stuli kule mlangoni. Futikamba ilikuwa chumba cha pili tu, ila uvivu ukanishika, nikapima ukuta kwa mkono na kumpigia fundi simu: shibiri kumi na moja. Naye akapima kwa mkono wake, na fundi yule kiganja chake ni sinia.

Kochi likaletwa Jumapili, siku ya mgeni yenyewe, likapanda ngazi vizuri mpaka kwenye kona, likakwama. Nikajipenyeza nyuma yake nisukume (nani alinituma?), majirani wawili wakavuta, na kadiri walivyovuta ndivyo kochi lilivyonibana ukutani. Hapo nikasikia sauti chini ikiuliza kwa Mwikali ni wapi. Mama mkwe huyo anapanda, na nafasi pekee ya kupita ilikuwa ubavuni mwangu.

Mwikali akatoka. Yeye hufundisha fizikia, na nawaambia kweli, siku ile nilimpenda upya. Hakufoka. Alimwomba mama asubiri pale chini, akapima upana wa ngazi, akapima kochi, akarudia, kila mara akiinama mpaka jicho likawa sawa na alama ya futikamba (eti ukisoma kwa pembeni unajidanganya), huku mimi nikipumua nusu nusu.

"Likilala halipiti, likisimama linapita," akasema. "Nguvu mnazo, mwelekeo ndio hamna. Kilo za kochi hazina upande, lakini kuvuta kuna upande. Huyu anavuta kulia, yule kushoto, mnapingana wenyewe. Lisimamisheni, halafu wote mvute juu."

"Madam, sisi tulikuwa tunavuta tu," jirani mmoja akajibu. "Kumbe kuna upande."

Wakavuta mara moja, kochi likapanda bila ubishi, nami niliyekuwa nimeshikiliwa nalo nikateleza ukutani mpaka chini, shati limepanda kifuani, kitambi chote nje, mbele ya mama mkwe. Akajifunika uso kwa leso na kugeukia ukuta. Nilitamani ngazi zinimeze. Kisha akamwambia binti yake, maana mimi hangeweza kuniambia:

"Mwambie mume wako kochi limemshinda kupima. Mke alimpima vizuri."

Mpaka leo kochi limeziba nusu ya mlango wa jikoni, na tunaingia kupika kwa ubavu. Futikamba sasa natembea nayo mfukoni, hata kanisani. Na mbuzi nilimtoa, ila kwenda sokoni kumkadiria nilimwachia Mwikali.