Mchua Misuli Yuko Matangani

Yagya Katuwal amewachua misuli wachezaji wa timu ya taifa ya Nepal kwa miaka ishirini na miwili. Katika miaka hiyo baba yake alikufa yeye akiwa Kuwait na timu, na mama yake amekufa Alhamisi iliyopita yeye akiwa Maldivi na timu. Wote wawili walitiwa maji ya mwisho kinywani na mikono ya watu wengine. Kwa mtoto wa kiume wa pekee hilo si jambo dogo. Alirudi Ijumaa kwa ndege ya asubuhi, akaenda moja kwa moja mtoni Pashupati, wanakochomea maiti, begi la mafuta ya kuchulia likiwa bado begani. Akawasha moto wa kuuchoma mwili wa mama yake, akanyolewa nywele na nyusi, akavaa shuka jeupe lisiloshonwa.

Matanga ya baba yake aliyafanya siku tano tu. Timu ilikuwa na safari, meneja wa wakati ule alimletea gari mlangoni, naye akavua nguo nyeupe akavaa fulana ya timu. Hakuna aliyemlaumu. Mama yake hakusema neno, na hakusema neno kuhusu jambo hilo kwa miaka kumi na mmoja, mpaka anakufa. Ndiyo maana kuhani alipomuuliza pale mtoni angekaa siku ngapi, Yagya alijibu kabla swali halijaisha.

"Kumi na tatu. Isipungue hata moja."

Mimi ni jirani yake hapa Kalimati, mlango wa tatu kutoka kwake. Sijawahi kumwona akichoka kama alivyochoka wiki hii. Mtu wa miaka hamsini na saba, anaoga maji ya bomba alfajiri ya Novemba, analala juu ya majani makavu ya mpunga, anakula wali wa samli usio na chumvi mara moja kwa siku, anaupika mwenyewe. Hagusi mtu wala haguswi. Akiguswa, hata na mtoto anayetambaa, anarudi bombani kuoga upya.

Sasa, Jumanne timu ilikuwa na mechi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Asia, dhidi ya Ufilipino, nyumbani, kwenye uwanja wa Dasharath. Tukishinda, tunakwenda kwa mara ya kwanza. Sare au kufungwa, tunasubiri miaka minne. Na nahodha, Phurba Yonjan, alikuwa ameumia msuli wa nyuma ya paja kule Maldivi, dakika za mwisho. Phurba ana miaka thelathini na mitatu. Nchi nzima ilikuwa na hakika kwamba hakuna anayeweza kuunyoosha mguu ule ila Yagya, na Yagya alikuwa amekaa juu ya majani ya mpunga, hagusi mtu.

Nilifikiri watu wangemwonea huruma. Ratnakaji, mwenye kibanda cha chai upande wa pili wa uchochoro, ndiye aliyeanza.

"Kaka Yagya!" alipiga kelele Jumatatu asubuhi, birika mkononi. "Taifa zima linachechemea, na wewe umefungia mikono ndani kama vyombo vya harusi!"

"Chemsha maziwa yako," Subhadra, mke wa Yagya, alimjibu kutoka uani. "Yanamwagika huku unapiga domo."

"Shemeji, mimi nasema kwa uchungu."

"Uchungu gani? Mama mkwe wangu amekufa, wewe hata ndizi moja hujaleta."

Wanywaji chai walicheka. Yagya hakucheka. Alikuwa mlangoni pa chumba cha chini, mgongo ukutani, macho yamefumbwa nusu. Mimi nilikuwa nimeleta samli na ndizi, nimeziweka chini mbali naye kama inavyotakiwa.

Saa nne gari la timu lilisimama. Akashuka Bwana Dhungel, meneja, mtu mnene mwenye simu mbili, na nyuma yake Phurba akiwa na suruali ya mazoezi. Phurba aliingia uani akiukokota mguu wa kushoto, akamwona mzee wake ameketi hana nywele, hana nyusi, amevaa nyeupe. Nadhani alishikwa na uchungu. Kwa miaka kumi na miwili, kabla ya kila mechi, kijana huyu huinama na kuweka paji la uso kwenye miguu ya Yagya. Akafanya hivyo hivyo. Alipiga magoti, akaishika miguu ya Yagya kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa.

Subhadra aliangusha ndoo.

"We mtoto! Umefanya nini?"

Phurba aliruka nyuma kama aliyeshika moto. Uso ulimpauka. "Mungu wangu. Nimesahau. Kaka Yagya, nimesahau. Nisamehe!"

Nilimtazama vizuri kwa sababu nilitaka kujua kama ni hila. Haikuwa hila. Mazoea ya heshima ndiyo yaliyomponza. Lakini Dhungel alianza kutabasamu, na tabasamu lile lilinikera zaidi kuliko kosa lenyewe.

"Basi, mambo yamejipanga," alisema. "Umeshaguswa, kaka Yagya. Kuoga utaoga tu. Maji ni yale yale ukiguswa mara moja au mara mia. Mchue kwanza huyu saa moja, halafu uoge. Nani amepoteza nini?"

Dhungel ni mtu wa ukoo wa makuhani. Sheria za matanga anazijua kuliko sisi wote, na ndiyo sababu alijua vizuri pa kupenyea.

Yagya alikuwa anautazama mguu wa Phurba. Ulikuwa hapo hapo, hatua moja kutoka mikononi mwake. Niliviona vidole vyake vikijikunja juu ya shuka. Nawaambia, mtu huyu alitaka. Kazi ya miaka ishirini na miwili haikai kimya mwilini kwa sababu mtu amenyoa nywele.

"Na tena," Dhungel aliongeza, "nimeuliza kuhani mmoja mkubwa. Anasema siku hizi hata siku tatu zinatosha. Leo ni ya nne. Kwa kweli wewe umeshamaliza, unakaa tu."

"Huyo kuhani alimjua mama yangu?" Yagya aliuliza.

"Hapana, lakini..."

"Siku za baba yangu nilizikata hivyo hivyo. Kulikuwa na kuhani mkubwa na gari mlangoni." Alijiinua kwa taabu, mkono ukutani. "Bwana Dhungel, nikioga kwa sababu kijana amesahau akanigusa, huko ni kuoga. Nikimchua mtu saa nzima huku nikijua bomba liko pale linanisubiri, huko ni kumcheka marehemu."

"Marehemu hayupo, kaka. Mechi ipo, kesho saa kumi na moja!"

Yagya alipita katikati yetu, sote tukijibana ukutani tusimguse, akafungua bomba, akajimwagia maji. Mara ya pili siku hiyo. Jua lilikuwa halijafika uani. Alitetemeka mpaka meno yakagongana, na Phurba alisimama pale akilia kimya kimya, akijifuta pua kwa mkono wa fulana yake.

Yagya aliporudi, shuka limemganda mwilini, alisema, "Phurba. Usinikaribie. Vua suruali hiyo, ubaki na kaptura. Tembea mpaka ukutani, urudi."

Phurba alitembea.

"Chuchumaa. Taratibu. Inuka. Sasa simama mguu mmoja. Huo wa kushoto."

Alijaribu mara mbili. Mara zote mbili alishika ukuta. Juu kidogo ya goti, nyuma, palikuwa na michubuko ya rangi ya bilinganya, imeshuka kama wino uliomwagika.

"Unauma palipo na rangi, au juu yake?"

"Juu yake. Kama kuna kisu."

"Ulisikia mlio ulipoumia?"

Phurba alisita, akamtazama Dhungel, akajibu, "Nilisikia."

Yagya alikaa tena juu ya majani. "Msuli huu umechanika, mdogo wangu. Haukukaza. Umechanika."

"Daktari wa kambi amesema umevutika tu," Dhungel aliingilia. "Sindano moja ya ganzi, na mikono yako..."

"Mikono yangu ingefanya nini?" Kwa mara ya kwanza alipandisha sauti. "Ingempa dakika arobaini. Naam, ningeweza. Ningemlegeza mpaka asisikie, angekimbia kama mbuzi, na baada ya hapo angepanda ngazi kwa kushika chuma mpaka uzeeni. Unamkumbuka winga wetu Hemkarna? Nilimchua usiku na asubuhi, akafunga bao, mkambeba mabegani. Leo anauza kadi za simu kule Butwal, amekaa kwenye kiti. Watu wanasema mikono ya Yagya inaponya. Haiponyi. Mara nyingi imedanganya tu."

Maneno hayo hayakuwa rahisi kwake. Miaka yote amekula kwa sifa ya mikono ile, nasi majirani tumejivunia nayo. Nimewaona watu wenye vyeo vikubwa zaidi wakishindwa kusema nusu yake.

Phurba aliuliza polepole, "Kama usingekuwa matangani, ungenichua?"

"Ningekuchua," Yagya alisema. "Kama kawaida. Nisingekutazama ukitembea. Ningeanza kuchua."

Dhungel aliondoka akiongea na simu zote mbili. Phurba alimfuata akichechemea, na suruali yake ya mazoezi mkononi.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja, uchochoro wote ulikuwa kwa Ratnakaji, kwenye televisheni. Kutoka Tripureshwar, ulipo uwanja, hadi kwetu si mbali, kwa hiyo kelele za uwanjani hupita juu ya mapaa na kutufikia kabla picha haijafika kwenye televisheni. Yagya aliyekuwa ndani, asiyetazama chochote, alikuwa anajua mambo kabla ya Ratnakaji.

Kabla ya mechi kuanza nilipita uani kumwambia kwamba Phurba ameketi benchi na koti lake, na kwamba mtangazaji anasema nahodha mwenyewe alimwendea kocha asubuhi akasema hawezi.

"Mwenyewe?" Yagya aliuliza.

"Ndivyo wanavyosema."

Aliitikia kwa kichwa, nami nikabaki pale uani, karibu na mlango wake.

Dakika ya themanini na nane ulikuja mngurumo juu ya mapaa ambao ungeinua wafu, halafu ukakatika katikati, ukawa mguno mmoja mrefu. Yagya alifumba macho. Sekunde chache baadaye ndipo kwa Ratnakaji watu wakaruka, wakaona mpira ukigonga mwamba, wakakaa chini. Ikaisha bila kufungana. Miaka minne.

"Phurba angefunga ule!" Ratnakaji alipiga kelele kuelekea dirishani kwa Yagya. "Hata kwa mguu mmoja angefunga! Asante, kaka Yagya! Mama amefurahi sasa?"

Subhadra alitoka na ufagio. Nilimzuia kwa maneno, kwa kuwa naye siku hizo haguswi. Lakini mimi nilivuka uchochoro, na sioni aibu kuandika nilichosema. Nilimwambia Ratnakaji kwamba kama Yagya angevunja matanga Jumatatu, yeye huyo huyo angekuwa wa kwanza kunong'ona Jumatano kwamba fulani alimwacha mama yake peke yake kwa ajili ya mpira. Alisema mimi sina utani. Ni kweli, sina. Kulipa chai yangu nililipa, na kwake sijanywa tena.

Jumatano asubuhi Phurba alikuja peke yake, kwa miguu, na fimbo. Hakuingia. Alisimama nje ya lango. Yagya alikuwa anapika wali wake kwenye jiko la matofali, pembeni ya uani.

"Kaka, Bwana Dhungel amewaambia waandishi kwamba wewe ndiye uliyenikataza."

"Mwache."

"Nimewapigia wote. Nimewaambia ni mimi niliyeamua."

"Ungewaacha nao. Watachoka." Alikuwa anaongea bila kuinua uso. "Umepiga picha ya mguu?"

"Leo asubuhi. Umechanika. Wiki nane." Phurba alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Miaka minne ijayo nitakuwa na thelathini na saba. Unadhani..."

Hakumaliza. Yagya aliacha jiko, akaja hadi hatua mbili kutoka langoni, akasimama. Alikuwa na vipele vya baridi mdomoni. Nilidhani angempa tumaini, maana ndivyo tunavyofanya mtu anaposimama hivyo mbele yetu.

"Hapana, Phurba," alisema. "Sidhani."

Kijana aliinamisha kichwa. Halafu akasema, "Sawa," na sikusikia hasira ndani yake. Aligeuka akashuka uchochoro. Mbele ya kibanda cha chai watu wanane waliinua glasi wakazichungulia kana kwamba kuna kitu ndani. Hakuna aliyemsalimu nahodha wa taifa. Aliwapita pole pole, fimbo kisha mguu, fimbo kisha mguu, na Yagya alibaki langoni akimtazama mwendo mpaka akapotea kwenye kona ya soko la mboga.

Harufu ndiyo iliyomgutusha. Wali ulikuwa umeungua chini, umeshika sufuria. Subhadra alimwangalia, akaangalia sufuria. Chakula cha matanga hakipikwi mara mbili kwa siku moja.

Yagya aliutoa mweusi kwa mwiko akauweka pembeni, ukabaki kidogo, wa kahawia. Akautia samli, akakaa chini akala. Zilikuwa zimebaki siku saba.