Ile Isiyokwama

Kaka yangu mkubwa na mdogo wetu wa mwisho walikuja kwangu mjini, Makanyagio, Jumapili moja mchana, wametoka kijijini Sibwesa kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Walikuwa na bahasha ya kaki na simu yenye picha za bunduki mbili. Mimi si mwepesi wa kinyaa. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, nimetoa watoto funza kwa mikono yangu, nimefuta matapishi ya malaria sakafuni nikaendelea na hesabu za kugawanya. Lakini siku ile kinyaa kilinipanda mpaka kooni, na hadi leo hakijashuka vizuri.

Shida yao niliijua. Sisi ni Wasukuma wa kuhamia. Baba alituleta huku tungali wadogo, akiswaga ng'ombe mbele, na mali yote ya nyumba yetu ina miguu minne. Msimu ule fisi walikuwa wameingia zizini mara mbili na kurarua ndama. Ukoo ukakaa, ukakubaliana kuuza madume na kununua bunduki. Ila kibali hakitolewi kwa yeyote tu. Anatakiwa mtu wa kueleweka, mwenye kazi, asiye na kesi. Kaka ana kesi ya kulisha mifugo kwenye shamba la watu. Mdogo wetu anazo mbili. Mwenye jina safi katika nyumba nzima ni mimi, mwanamke ambaye kwenye vikao vyao huitwa akawaandikie muhtasari kisha akapike. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu ya maombi, na walichofuata kwangu ni sahihi.

Niliwapikia ugali, migebuka na mchicha. Walikula huku simu iko katikati, ubavuni mwa bakuli la mchuzi, na kila aliyetaka kuonyesha jambo alipitisha kidole chenye mafuta juu ya kioo. Mtutu ukawa unang'aa kwa mafuta ya samaki. Niliwapa kitambaa, wakakiweka pembeni.

Bunduki ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa hapa mjini aliyetaka kuiuza na kuhamisha umiliki. Bei yake ilikuwa ya ng'ombe wachache. Kitako kilizungushiwa mpira wa tairi, na mzee mwenyewe alikiri kwamba ni ya kujipakia risasi yenyewe, lakini ikishatoa tatu hukwama, mpaka uikoki tena kwa mkono. Ya pili ilikuwa ya dukani, huko mji mkubwa, mbao zake kama kabati la bwana harusi. Hiyo inatoa moja baada ya nyingine mpaka ziishe, na haikwami hata ikilala kwenye vumbi. Kwa bei yake ungeswaga nusu ya zizi. Sijui sheria inasemaje juu ya bunduki za namna hiyo, na wao hawakuonekana kujali.

Mdogo wetu alikuwa upande wa ile ya dukani. Aliisifu kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akimsifia mkewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, alisema, akaikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena, mdomo wazi na mchicha kwenye meno. Nilitazama pembeni. Kaka alitaka ile ya mzee. Alisema hakuna sababu ya kumaliza ng'ombe kwa sababu ya fisi, maana ukimpiga mmoja wenzake wanatawanyika. Nilimuunga mkono. Nikasema hata risasi mbili ni nyingi, fisi hukimbia mlio. Nilifurahi kidogo, nikiamini kaka yangu bado ana akili zake.

Kaka akafinyanga tonge. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia chumvi, "Wale wa ng'ambo ya mto, kwani wako wangapi?"

Hao ni jirani zetu wakulima. Ng'ombe wetu walikuwa wameingia kwenye mpunga wao na kuulaza wote, na wao wakampiga dume wetu panga la mgongo. Kesi ya kaka ilitoka huko. Mdogo wetu alisema wako wanne. Kaka akasema watano, ukimhesabu baba yao. Wakabishana, mmoja akimtaja mkubwa, mwingine akimtaja anayefuga ndevu. Na mimi, ambaye kabla ya kuhamishiwa mjini nilifundisha kule kijijini na kuita majina ya watoto wa nyumba ile kila asubuhi, sikuweza kuvumilia jibu lenye kosa.

"Ni sita," nilisema. "Nyie mmemsahau mdogo wao. Nilimfundisha mimi, darasa la tatu."

"Basi ya mzee haifai," kaka alisema. "Tatu hazitoshi."

Akachukua kichwa cha mgebuka, akakinyonya. Mdogo wetu alicheka kwa furaha ya mtu aliyeshinda ubishi. Mimi nilikaa na tonge mkononi, nikamwona akilini yule mtoto wa darasa la tatu akiandika kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, ameficha daftari mwenzake asimwibie jibu. Nilitoka nyuma ya nyumba nikatapika ugali wangu mwenyewe.

Niliporudi niliwaambia sisaini. Mdogo wetu akadokeza kwamba labda nina bwana katika nyumba ile ya ng'ambo ya mto. Kaka hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alinisemesha taratibu, kama mtu anayembembeleza ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Alisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Alisema bunduki ni ya kutishia tu. Nikamuuliza, kama ni ya kutishia, hesabu ya watu ilikuwa ya nini. Akaomba maji ya kunawa, na mimi nikamshikia birika, maana ndivyo nilivyolelewa. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia yeye.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu akiwa mchangamfu. Shemeji yetu, mume wa dada, amekubali kuweka jina lake, na maombi yameshafika ofisi ya kata. Akaniambia nisibebe kinyongo.

"Tunachukua ile uliyotuchagulia, mwalimu," alisema.

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni nikaenda Sibwesa. Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya kata, nikamwambia mtendaji kwamba nina pingamizi juu ya maombi ya shemeji yangu, kwa kuwa silaha ile si ya fisi. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema fisi ni kweli wapo, ndama walioraruliwa amewaona yeye mwenyewe kwa macho yake, na shemeji hana kesi yoyote. Kisha akauliza kama kuna aliyetamka mbele yangu kwamba ni ya watu. Nikamjibu hakuna aliyetamka. Walihesabu tu watu wa nyumba moja, ndipo wakachagua bunduki.

Akafungua kalamu. "Nani alihesabu?"

"Mimi," nilisema. Nikamtajia wote sita kwa majina, nikianza na yule mdogo wao, nikingoja kila moja aliandike.