Farasi Wawili wa Nje ya Chandarua

"Mama Dorika, hivi mzee wako ana mke mwingine huko Mlangali?"

Jirani yangu Vestina aliniuliza hivyo tukitoka kanisani, hapa Njombe. "Miaka yote hii hasogei Meza ya Bwana. Mtu asiye na lake angeng'ang'ania benchi la nyuma namna ile?"

Nikamjibu, "Mke mwingine wa nini? Hata mimi mmoja ananisahau." Akacheka, tukaagana. Sikuwa na la zaidi la kumweleza, maana wakati ule nami sikujua.

Mume wangu Nahumu alikuwa mtunza farasi. Mwaka 1934 daktari mmoja wa mifugo, Mzungu, alipiga kambi Makambako na farasi watano. Alikuwa anachunguza ule ugonjwa uliowamaliza farasi wa walowezi kila masika. Farasi anashikwa na homa, anatoka povu puani, kesho yake amekufa. Wengine walisema unatokana na umande wa majani. Daktari alidhani ni wadudu warukao jioni. Basi farasi watatu akawaweka katika banda lililozungushiwa chandarua, na wawili akawafunga nje. Wote walilishwa majani makavu, yasiyo na umande.

"Hawa wa nje waache hivyo hivyo," alimwambia Nahumu. "Usiwafunike, usiwaingize bandani."

Kazi ya Nahumu ilikuwa kuwapima homa asubuhi na jioni na kutaja namba, daktari akiandika. Watu wa sokoni walimtania.

"Nahumu, farasi wako wanalala chandarua. Na wewe?"

"Mimi damu yangu chungu, mbu wanaijua."

Sasa kosa lake lilikuwa hili. Kwetu sisi Wabena, mnyama akishafungwa jioni hufukiziwa moshi. Unawasha mavi makavu ya ng'ombe, unafunika kwa majani mabichi, yanafuka taratibu. Hakuna mtu anayesema leo nimefukiza moshi, kama vile hakuna anayesema leo nimefunga mlango. Daktari alikuwa akirudi hemani kwake ng'ambo ya mto kabla jua halijazama. Nahumu akawafukizia wale wawili kila jioni, na asubuhi akafagia majivu pamoja na samadi. Wa bandani hakuwafukizia, alihofu chandarua kisishike moto.

Siku arobaini zikapita. Farasi wa mlowezi wa jirani walikufa, lakini wale watano hakuugua hata mmoja. Daktari akakunja chandarua. Alisema kama wadudu ndio waletao ugonjwa, wale wawili wa nje wangekufa kwanza. Basi ni umande. Akaagiza wote watano waachiwe uwanjani usiku na mchana bila kufungwa, na kila jioni wavishwe vikapu mdomoni mpaka asubuhi umande ukauke. Kwa kuwa hawakufungwa mahali pamoja, Nahumu hakufukiza.

Baada ya siku kumi na mbili walikuwa wamekufa wanne.

Nahumu ndiye aliyechimba mashimo. Huyo wa nne alikuwa bado anapumua jua likizama, na juu ya tumbo lake usubi, wale wadudu wadogo wa jioni, umejaa kama vumbi. Hapo Nahumu akaukumbuka moshi, kwamba ndio uliowafukuza wadudu kwa wale wawili.

Daktari akaja akasimama karibu naye.

"Nahumu, wale wawili wa nje, uliwafanyia kitu chochote?"

"Hapana, Bwana."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Daktari akaandika kwamba ni umande tu, vikapu havikutosha kuuzuia. Mwezi uliofuata akahamishwa, na kambi ikavunjwa. Nahumu akarudi nyumbani, akala, akalala. Sikumwona akisikitika wala akifurahi.

Kanisani kwetu anayetaka kushiriki huandikisha jina kwa mchungaji siku ya Ijumaa, naye humuuliza kama ana neno moyoni. Ijumaa ya kwanza Nahumu alifika mpaka mlangoni, akageuka. Ijumaa nyingine hakwenda. Ikawa hivyo miaka ishirini na minne. Tulilima, tukazika watoto wawili, tukamwoza Dorika, na yeye benchi lake likawa lile la nyuma.

Mwaka huu kifua kimembana. Jumanne iliyopita alinieleza haya yote amelala, uso ameuelekeza ukutani, anayataja mojamoja kama alivyokuwa akitaja namba za homa. Nilikuwa nachambua maharage. Niliendelea kuchambua. Nilitafuta moyoni uchungu, au hasira, sikupata kitu, mikono tu ndiyo iliyokuwa inafanya kazi.

Nikamwambia, "Baba Dorika, Mungu ameshasikia. Nimwite mchungaji?"

"Mchungaji baadaye," alisema. "Wewe unajua kuandika. Iandikie ofisi ya mifugo. Sema wale wawili niliwafukizia moshi kila jioni, na Bwana aliponiuliza nikakana. Waambie wafute yale aliyoandika juu ya umande."