Folda ya Tuimavave

Lanuola alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na mkono mmoja wa miwani yake ulifungwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Alipiga chapa katika shule ya kijiji chao, huko kisiwani Savai'i, miaka thelathini na moja. Alipostaafu aliondoka na kiti chake, akisema mgongo wake na kile kiti vimeshazoeana. Hakuzaa, lakini ukimuuliza ana watoto wangapi atakwambia mia sita na ushee, tena atakutajia na makosa yao.

Kwa hiyo shule ilipokaribia kutimiza miaka mia, picha zote za zamani zilipelekwa kwake. Akazipitisha kwenye mashine moja moja hadi zikaingia katika kompyuta. Mashine haijui majina ya watu, kila picha iliipa namba tu. Lanuola akaandika waraka mmoja mrefu wenye majina ya wanafunzi wote, na kila jina akaliunganisha na picha yake: ukibofya jina, picha inafunguka. Picha zenyewe alizipanga katika folda, kila folda kwa jina la mtu aliyezileta. Na kwa kuwa kila kitu sasa kimo ndani ya mashine, karatasi alizoandikia kumbukumbu akaziwashia jiko.

Aliyeleta picha nyingi kuliko wote ni Pelenato, mkulima wa kakao, maana marehemu mama yake alikuwa mwalimu asiyetupa kitu. Mwezi uliofuata Pelenato akapewa cheo cha ukoo, akawa Tuimavave. Nguruwe kumi na wawili walichinjwa. Tangu siku hiyo, kumwita kwa jina la zamani ni kumvunjia heshima, na kesho yake asubuhi Lanuola akabadilisha jina la folda. Akaona hiyo haitoshi, akaitoa walikokaa watu wa kawaida akaihamishia kwenye folda za machifu. Akanywa kakao yake, roho imetulia.

Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe ya shule, akaingia bibi Fuatino kutoka Auckland, mwenye miaka sabini na tisa. Dada yake, Sulata, alikufa akiwa msichana wa miaka kumi na minne, na duniani hakuna picha yake ila hiyo moja ya darasani. Lanuola alikuwa amemwambia kwenye simu, "Njoo, mama, nimemwona kwa macho yangu." Sasa akabofya jina la Sulata. Kompyuta ikajibu kwamba faili halipatikani. Akabofya tena, taratibu, kama anayebembeleza. Jibu lile lile.

"Tuzitazame zote basi," alisema Lanuola.

Katika folda mlikuwa na picha tisini, wasichana wale wale wa kola nyeupe, na Lanuola mwenyewe hakukumbuka tena ni yupi. Fuatino akasogeza uso karibu na kioo, akaurudisha.

"Miaka sitini na tatu, mwanangu, na macho haya. Sitaki kubahatisha, nisije nikamlilia mtoto wa watu."

Hapo akaingia Tuimavave na kikapu cha magimbi. Akaelezwa.

"Kwa hiyo kosa ni langu, kupewa cheo?"

"Si lako, mheshimiwa. Ulialika kijiji kizima, ukaisahau kompyuta. Mpaka leo inakwenda kubisha hodi kwa Pelenato."

"Na ikifunguliwa mlango, inamuulizia nani?"

Swali hilo likamzindua Lanuola. Akarudi kwenye kile kiungo kilichokatika, safari hii asikibofye, akaomba kuona anwani iliyofichwa ndani yake. Mwanzoni mwa anwani palikuwa na njia ya zamani, kisha Pelenato. Mwishoni palikuwa na namba ya picha, 0417, haijaguswa.

"Kumbe hakijasahau kitu," akasema. "Kimepotea njia tu."

Akafungua folda ya Tuimavave, akaitafuta 0417. Msichana mwembamba, kidevu juu, akicheka na mpiga picha.

"Gauni hilo ni langu," alisema Fuatino. "Alilivaa bila kuniomba, akaapa hajaligusa." Akacheka huku akijipangusa macho.

Mchana ule Lanuola akairudisha folda hiyo ilikokuwa mwanzo, kisha akazipa folda zote namba, ili mtu apate cheo, aolewe au ahame, folda isibadilike jina.

"Mimi namba saba?" Tuimavave aliuliza.

"Heshima yako nimeiandika kwenye waraka, wanaposoma watu. Folda ni ghala tu."

"Na mchungaji ni ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Basi saba si mbaya."

Kisha Lanuola akaiamuru kompyuta iweke namba mpya badala ya kila jina la zamani la folda; kila palipoandikwa Pelenato ikaweka 07, viungo tisini kwa mpigo mmoja. Vyote vikafunguka. Lakini kompyuta ilimsikiliza mno. Jumamosi, picha zilipokuwa zikioneshwa ukutani mbele ya umati, orodha ya darasa la tatu ikatokea, na kati ya Paulo na Petelo alikaa mtoto mmoja aitwaye 07. Tuimavave aliinuka, akawapungia watu mkono.

Fuatino aliondoka na picha ya Sulata imefungwa ndani ya mkeka. Mlangoni akamshika Lanuola mkono.

"Mwanangu, hata wakinizika Auckland, mimi na huyu mwizi wa magauni utuweke katika folda moja."