Ferista, Samaki wa Baridi na Maji ya Baba Mkwe

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, Ferista Mtafya ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya ghala la kahawa katika kijiji kimoja cha kata ya Ikinga, wilayani Ileje. Ameegemea ukuta, chini kidogo ya dirisha. Ndani, kamati ya maji iko kwenye kikao, na ombi lake ni la tatu katika orodha.

Haingii, kwa sababu mwenyekiti ni baba mkwe wake.

Kwa mila ya hapa kwao, mkamwana hasimami mbele ya baba mkwe. Wakielekea kukutana njiani, mmoja huchepuka. Wengi wa rika la Ferista, mwenye miaka 41, wameshaachana na mambo hayo. Yeye na Mzee Sadoki Kibona hawajaacha, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza.

"Si woga, ni heshima," ananong'ona huku akijizuia kucheka. "Ila heshima nayo ina kazi zake, jamani! Mimi nataka maji, na maji yako kwa mzee."

Ferista anapanga safari za uvuvi. Wageni wake huja kuvua trauti, ambao wenyeji huwaita samaki wa baridi, katika kijito cha Kasyeto kinachotoka kwenye bwawa la umwagiliaji juu ya kijiji. Hawatumii minyoo. Hutumia ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ya jogoo ili ifanane na mdudu, kisha huirusha kwa fimbo ndefu ikaelee juu ya maji. Kazi hiyo alijifunza kwa daktari mmoja wa misheni ambaye yeye alikuwa mpishi wake.

"Nilichekwa mpaka basi. Waliniuliza, huyo samaki gani mjinga wa kula jogoo?"

Kwa mgeni mmoja hulipwa shilingi elfu arobaini kwa siku, malazi na chakula vikiwemo. Mwaka jana alipokea wageni kumi na saba. Utajiri haujaja, lakini mumewe Efraimu, dereva wa lori ambaye muda mwingi yuko Zambia, hajaombwa ada ya shule tangu Januari.

Agosti aliteleza. Aliwaahidi wageni watatu bila kuiuliza kamati. Siku walipofika kulikuwa na msiba kijijini, na penye msiba hakuna anayefungua bwawa. Kijito kilikuwa chembamba na vuguvugu, na trauti wakipata joto hujificha chini ya mawe wasile kitu. Wageni walirusha manyoya tangu asubuhi hadi jioni, wakaondoka mikono mitupu.

Kiongozi wa wageni hao, Edson Simbeye, mstaafu wa Tunduma aliyekuwa wakala wa forodha, amekubali kurudi Jumamosi hii. Amesema waziwazi: "Mama Ferista, mimi nakuheshimu. Lakini tukikosa tena, hatutarudi, na wenzetu nao tutawaambia."

Ndiyo maana leo ameketi juu ya ndoo. Jumamosi bwawa hufunguliwa saa tisa alasiri, zamu ya mashamba ya maharage. Ferista anataka lango la chini, lenye maji baridi, lifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi.

Katibu Gwalugano anasoma ombi. Mzee Sadoki anakohoa. "Muulizeni aliye nje, wenye maharage wanasemaje?"

Dirisha liko wazi na kila mtu anamsikia Ferista akieleza kwamba maji yakishapita kwa samaki yataingia mashambani asubuhi badala ya alasiri, lakini Gwalugano anarudia kila neno, ili ionekane kwamba mkamwana anaongea na katibu. Wajumbe wanaficha vicheko kwenye viganja.

Mama Rozi, mjumbe mwenye shamba kubwa kuliko wote, hachekeshwi. "Yaani niamke gizani kwa ajili ya watu wanaorusha manyoya? Mifereji yangu imejaa tope, nani ataizibua kabla ya asubuhi?"

"Nitaizibua mimi, kesho," anajibu Ferista kutoka nje. "Na maji ya alasiri, dada, nusu yananywewa na jua. Ya asubuhi utayapata yote."

Gwalugano anarudia. Mzee Sadoki anazungumza akiwa ameutazama ukuta wa upande wa pili.

"Waambieni walio nje, maji yanayopita kwa samaki hayapungui. Saa kumi na mbili litafunguliwa. Mgeni atakayekanyaga mfereji, faini."

Ferista anaziba mdomo kwa khanga asipige kigelegele.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Ijumaa nzima Ferista anainama na jembe kwenye mifereji ya Mama Rozi, mita mia mbili za tope. Jioni wageni wanafika: Edson, rafiki yake Lusubilo na shemeji yake Brian kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Anawapa ugali na maharage, kisha anawapa ratiba: kuamka saa kumi na moja, kukaa ukingoni hadi maji yatulie, kila mmoja abaki na samaki wawili, wengine warudishwe.

"Umvue halafu umwachie?" anashangaa mama mkwe wake, Bibi Jenista, aliyekuja kusaidia kupika. "He! Wazungu wamewaharibu."

Saa moja asubuhi ya Jumamosi wako kijitoni. Maji hayajafika. Saa moja na robo, bado. Edson anatazama saa, anamtazama Ferista, halafu anatazama pembeni kwa adabu.

Ferista anapiga magoti na kutumbukiza kiwiko majini, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Anatulia. Mara anaruka.

"Yamekuja! Ya baridi! Asante, baba!"

Nusu saa baadaye, maji yakiwa yametulia, fimbo ya Brian inapinda. Trauti mwenye madoa anaruka juu na kuzama tena, na mtu mzima anapiga kelele zinazofika kwenye maharage.

"Natotela sana, mama! Natotela!" anashukuru kwa Kibemba.

Hadi saa nne wamepata samaki tisa na kurudisha watatu. Mashambani, Mama Rozi anapunga jembe, mifereji imejaa maji. Edson anaomba Jumamosi mbili za Desemba, safari hiyo watakuja saba.

Wageni wakiwa wanafunga mizigo, Bibi Jenista anamvuta Ferista kando na kumpa kifurushi cha gazeti. Ndani mna manyoya mekundu ya mkia wa jogoo.

"Ya jogoo wa mzee mwenyewe," anasema bibi. "Kanichosha kwa maswali, ati hayo manyoya yanamdanganyaje samaki. Anauliza kama mtu wa miaka sabini na mbili anaweza kujifunza kurusha."

Ferista anacheka, kisha machozi yanamtoka, naye hayafichi. Kabla ya Krismasi, anasema, atapanga safari moja isiyolipiwa. Kwanza atamfundisha Bibi Jenista kurusha, naye bibi ndiye atakayemwelekeza mzee hapo ukingoni, maana mkamwana hawezi kusimama mbele yake.

"Mimi nitakuwa juu bwawani, nimeshika gurudumu la kufungulia lango," anasema Ferista. "Siku hiyo maji atayasubiri mzee."